Mpini wa Mzee Breki

Bega langu la kulia limekwisha, na aliyelimaliza ni mama mkwe wangu, ingawa kwa muda mrefu mwenyewe hakujua. Kila jioni mke wangu alikuwa akinikanda kwa maji moto huku akiniambia kwamba nilijitakia. Ni kweli nilijitakia, lakini na mtu wa kujitakia naye anaumwa, jamani.

Sisi tunatengeneza fimbo za kuvulia samaki. Si zile za dukani zinazokuja zimefungwa nailoni, zote sura moja. Kwetu mtu anakuja mwenyewe, anaeleza anavua wapi na anavua samaki wa aina gani, tunamtengenezea ya kwake. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe, mlango unatazama barabarani, kushoto kuna fundi cherehani na kulia kuna duka la ndoo na mabeseni. Niliingia humo baada ya kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kufungwa, nikasema nitajishikiza kidogo huku natafuta kazi ya maana. Rafiki zangu mpaka leo wananitania kwamba katika ile ndoa aliyeolewa ni mimi. Nilishaacha kuwajibu.

Kazi tumegawana. Mama anatengeneza mpini, yaani ile sehemu ya kushikia, na mimi nafanya yote yaliyobaki: nauvisha ufito mpini wake, nafunga pete za kupitishia mshipi kwa nyuzi, napaka vanishi, nasikiliza malalamiko. Mipini yetu ni ya gome, lile gome laini linalotengenezewa vizibo vya chupa. Linakuja limekatwa visahani vidogo vyenye tundu katikati. Mama anavitunga kwenye chuma kama shanga, anavigandisha kwa gundi, anavibana mpaka vishikane kabisa. Kisha anakifunga kile kigogo kwenye mashine ya kukereza, kinazunguka, naye anakichonga kwa tupa, halafu kwa msasa. Vumbi lake jepesi, linaingia mpaka kwenye chai.

Karakana nyingine wanapima unene kwa chombo. Na sisi tunacho, kile cha chuma chenye meno mawili, kimetundikwa msumarini na mama anakitumia kutundikia mtandio wake. Anasema mkono wa mtu si bomba la maji, huwezi kuupima ukamaliza. Yeye anapima hivi: mteja akiingia anampa mkono wa salamu, hauachii haraka. Anamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za safari, na wakati mwenzake anajibu yeye ameshajua anachotaka kujua. Halafu akiwa mashineni, kila baada ya muda anaizima, anafumba macho, anaufumbata mpini na kutulia. Ukiwa bado anawasha tena. Ukiwa tayari anasema neno moja tu: "Umejaa." Maana yake mkono umejaa, hakuna nafasi iliyobaki tupu wala mahali panapobana. Ananikabidhi, na tangu hapo haugusi tena. Anasema mpini ukishatoka ni kama binti aliyeolewa, usimfuatefuate kwake. Nilitaka kumuuliza mbona binti yake mwenyewe anamfuata mpaka jikoni kumkosoa anavyokatakata vitunguu, nikaona nimeze mate.

Na hakuwa anakosea. Watu walitoka mbali wakiulizia Mama Mipini, wanapita madukani kote hawanunui kitu, wanakuja kwetu na kusubiri zamu.

Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba viungo. Kwanza ilikuwa asubuhi tu, vifungo vya gauni vikawa vinamsumbua. Baadaye dole gumba likakataa kukunjika. Hospitali wakampa vidonge, wakamwambia apumzishe mikono. Alirudi amekasirika kweli, akatuambia alimuuliza daktari, "Nikaiweke wapi?" Akaingia karakana, akawasha mashine.

Wa kwanza kurudisha fimbo alikuwa mwalimu mmoja, mtu mpole. Alisema akivua kwa muda kidogo kiganja kinakaza na kifundo kinauma. Nikaufumbata ule mpini, nikaona ni mnene kama mchi. Mama akamwambia mwalimu kwamba siku hizi watu wamezoea kushika simu tu, mikono imelegea. Mwalimu akacheka, akaiacha fimbo. Kabla hatujapumua akaja mwingine na neno lile lile, halafu mwingine tena.

Sikuhitaji elimu kuelewa. Mkono uliovimba unajaa upesi. Mama alikuwa anafumba macho, anafumbata, mkono wake unamwambia umejaa, na mkono haukuwa unamdanganya. Ulikuwa unasema habari zake wenyewe, si za mteja. Kwa hiyo mipini ilikuwa inatoka minene, na kila mwezi minene zaidi.

Nikamwambia mke wangu. Akasema amwambie nani, yeye? Nikamwambia wewe si ndiye mwanaye. Akaniambia wewe si ndiye unayeshinda naye. Nikasema mkwe hawezi kumtazama mkwe wake usoni akamwambia maneno kama hayo, ni kumvunjia heshima. Akasema na binti naye anaweza kumwambia mama yake kwamba amekwisha? Tulibishana mpaka tukajikuta tunagombania nani alimaliza sukari.

Tatizo sote tulilijua. Shemeji yangu, mtoto wa kwanza wa mama, ana nyumba kubwa upande wa pili wa mji, na tangu baba mkwe afariki hajaacha kumwita mama akapumzike kwake. Mama alikwenda mara moja. Alirudi kabla hata nguo hazijatolewa mkobani, akasema walimkalisha kwenye kochi kama mgeni wa harusi, akiinuka kushika ufagio wanamnyang'anya. Siku ile alituambia mimi na mke wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba siku atakayoshindwa mipini ndiyo siku atakayofunga mzigo aende akakae kwenye lile kochi asubiri kufa. Mama hana maneno ya mzaha katika mambo ya namna hiyo. Kumwambia mkono wake umeharibika ilikuwa sawa na kumfungia mzigo.

Basi nikaona njia moja tu. Mchana baada ya chakula mama hulala kidogo, chumba cha nyuma, mlango nusu wazi. Mashine nisingeweza kuwasha, maana mlio wake ataamka nao hata akiwa amepewa dawa ya usingizi. Nikawa nachukua utepe wa msasa, nauzungusha kwenye mpini, navuta huku na huku kama mpiga viatu rangi, nageuza, navuta tena. Ukutani kuna fimbo moja ya zamani, aliitengeneza mikono yake ikiwa mizima. Naishika hiyo, nashika huu mpya, naendelea kupunguza mpaka mkono wangu uone ni ndugu. Vumbi nalikusanya kwenye gazeti, naenda kulimwaga pipani kwa fundi cherehani. Siku moja fundi akaniuliza kama kuna mtu nimemsaga naficha mabaki kidogo kidogo. Halafu ndipo natanua tundu la mpini kwa tupa ya duara mpaka lilingane na ufito, napaka gundi, nauingiza ufito kuanzia nchani, nausukuma mpini mpaka chini. Mama akiamka anakuta nimeshafika kwenye nyuzi. Bega linawaka moto, nami nakaa hapo natabasamu kama bwege.

Wateja wakaacha kurudi. Mwalimu naye alikuja kuchukua fimbo yake, nilikuwa nimeipunguza ikiwa nzima nzima, akashika akasema sasa ndiyo yenyewe. Mama alifurahi mno. Jioni ile alininunulia soda kwa mkono wake mwenyewe.

"Unaona, mkwe?" akaniambia. "Walikuwa wanajisumbua tu. Mkono wangu uko vile vile."

Nikasema ndiyo, mama. Soda ile sikuimaliza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, yeye ananenepesha na mimi nakondesha. Nilichoka uchovu ambao kulala hakuutoi. Kuna kuchoka kwa kazi, mtu unaoga unalala unaamka. Na kuna kuchoka kwa kumtazama mtu unayemheshimu kila asubuhi huku unajua mchana utamfanyia nini. Nilianza kuwa mkali kwa watoto bila sababu. Mke wangu alisema nimekuwa na sura ya mtu anayengoja kesi.

Ndipo akaja Mzee Breki. Huyu alikuwa dereva wa mabasi, sasa amestaafu, na jina alipewa na abiria kwa sababu alikuwa akiona kuku barabara ya pili anafunga breki huku. Alikuja polepole, fimbo ya kutembelea imebanwa kwapani badala ya kushikwa. Mama akampa mkono. Mimi nilikuwa meza ya nyuma nachanganya gundi, na gundi ile ukiichanganya huna muda wa kutazama watu, inagandia kikombeni. Niliona tu kwamba wameshikana mikono muda mrefu, na kwamba safari hii mama hakuuliza habari za nyumbani wala za safari. Walikuwa wananong'ona. Nikajiambia wazee wana yao. Mzee alivyoondoka alikuwa anacheka, na mama pia.

Mpini alioutengeneza wiki ile, lo! Ulikuwa mnene kupita yote. Katikati ulikuwa na tumbo, kidole changu cha kati na dole gumba havikuonana kabisa. Mama aliufumbata kwa macho yaliyofumbwa, akakaa nao muda mrefu, akasema umejaa, akanikabidhi. Usoni alionekana ameridhika kuliko siku nyingi.

Niliushika nikahisi kulia. Nilisema moyoni basi, ndiyo mwisho, mama mkono umekufa kabisa. Alipolala nikauvamia. Nilivuta msasa mpaka jasho likanitiririka mgongoni, nikaondoa tumbo lote, nikaushusha mpaka ukawa mwembamba na wa kupendeza kama ule wa ukutani. Gome ukishaliondoa hulirudishi, lakini wakati ule sikuwa na wazo la kurudisha. Nikauvisha ufito, nikafunga pete moja baada ya nyingine, nikapaka vanishi. Mzee Breki alituma mjukuu aje kuichukua. Nikapumua.

Hakukawia kurudi. Alikuja mwenyewe asubuhi, na mjukuu nyuma amebeba fimbo. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasema hakuja kwa ubaya. Alisema alikwenda kuvua, samaki akavuta, naye akajaribu kushika kwa nguvu, vidole havikupata kitu cha kushika. Fimbo ikamtoka. Ilikuwa inakwenda majini, kama si mjukuu kuirukia ingekwenda moja kwa moja. Akainua mikono yake kutuonyesha. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama vifundo vya kamba, dole gumba limesimama halikunjiki. Ilikuwa mikono ya mama mkwe wangu, ila ya kiume.

"Ulinishika mkono ukaniambia tumeumwa na mdudu mmoja," akamwambia mama. "Ukasema huu utanitengenezea kama unajitengenezea wewe. Nilikuamini kweli."

Hapo ndipo nilipojua walichokuwa wakinong'onezana siku ile. Mama aliipokea fimbo. Akafumba macho, akaufumbata mpini. Vidole vyake vikajikunja kadiri vilivyoweza, vikaishia hewani, pakabaki nafasi ambayo hata mimi niliiona kutoka nilipokaa. Akafumbua macho. Hakunitazama bado. Alimwambia Mzee Breki kwamba kosa ni letu, fimbo ibaki, ataipata ikiwa imekaa sawa, na akamsindikiza mpaka mlangoni kama kawaida yake. Kisha akarudi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nani ameugusa mpini huu?"

"Mimi, mama."

"Huu tu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ningesema ndiyo pengine yangeishia hapo, ningeonekana mjinga wa siku moja. Lakini nilikuwa nimechoka mno kubeba jambo lile, na lilinitoka lenyewe.

"Yote," nikasema. "Tangu ule wa mwalimu."

Alivuta kigoda alichokuwa amekalia Mzee Breki, akakaa. Nje mwenye duka la ndoo alikuwa anabishana na mteja juu ya mfuniko. Mama aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Na wale waliosema ndiyo yenyewe," akasema, "walikuwa wanasifu mkono wako."

Nilianza kujieleza, kwamba kazi ni yake, kwamba mimi nilipunguza kidogo tu, kwamba nilifanya hivyo kwa heshima. Akaniambia ninyamaze. Hakupaza sauti. Alichukua mtandio wake pale msumarini, akajitanda, akafunika mashine kwa gunia na kuingia ndani.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Mama hakunisemesha. Nikiwa nimekaa mezani naye, anamwambia binti yake, mwambie mumeo chumvi iko hapa. Mke wangu ananigeukia, ananiambia chumvi iko hapo. Nasema asante, anamgeukia mama, anamwambia amesema asante. Watoto waliona ni mchezo wakaanza kuuiga. Karakana hakuingia kabisa. Alikaa uani, mikono imelala mapajani, na mimi kila nikipita naona ameshafika kwenye lile kochi, bado kufungwa mzigo tu. Shemeji alipiga simu, nikamsikia mama akimwambia aandae chumba. Mke wangu alikwenda bafuni kulia akafungua bomba ili nisisikie. Alipotoka akaniambia nimemuua mama yake, halafu akaniomba radhi, halafu akasema tena.

Mimi niliona angalau fimbo ya mzee wa watu niitengeneze. Mpini hauvuki pete, kwa hiyo ili uvishe mpya ni lazima ubomoe kila kitu. Nikakata nyuzi zote nilizokuwa nimezifunga kwa mkono wangu, nikatoa pete zote mpaka ya nchani, nikachana ule mpini mwembamba kwa kisu, nikakwangua gundi. Kazi ya siku nyingi ikawa takataka miguuni pangu. Nikabakiwa na ufito mtupu. Nikajaribu kuchonga mpini mnene mwenyewe kwenye mashine, ukatoka na mabonde mabonde. Sikujua mkono unaouma unataka kitu gani, mkono wangu mimi ulikuwa mzima. Nikautupa, nikakaa chini nimeshika tama.

Mama akaingia akanikuta hivyo. Alitazama ule ufito uliovuliwa kila kitu, na zile nyuzi sakafuni. Nadhani hizo nyuzi ndizo zilizofanya kazi ambayo maneno yangu yasingefanya. Akaondoa gunia. Akafunga kigogo kipya mashineni, akachonga asubuhi nzima, anazima, anafumbata, anawasha. Mara mbili niliona akiusugua mkono kwa chini ya meza nisimwone. Alipomaliza hakusema umejaa. Aliuweka mezani kwangu, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu bila mkalimani.

"Huu ni wangu. Usiuguse."

Nikasema sitaugusa, nami sikuugusa, nilitanua tundu tu na kuuvisha ufito. Mzee Breki alipokuja kuichukua aliufumbata, akafumba macho kama mama. Kisha akatuuliza kama tunaweza kumtengenezea na mpini wa ile fimbo yake ya kutembelea.

Mimi nilidhani yameisha. Nilidhani ndiyo kazi yake ya mwisho, atafunga mzigo kesho kwa amani. Lakini mzee alipotoka, mama alichukua kigogo kingine, cha dada mmoja wa benki aliyekuwa akingoja fimbo muda wote ule. Akachonga mpaka mkono wake ulipojaa. Akazima mashine. Akanigeukia, akaninyooshea ule mpini ukiwa bado na chuma chake ndani.

"Fumbata."

Nikaufumbata.

"Sema."

Mkwe wangu yule, aliyenipokea nikiwa sina kazi, aliyenifundisha hata kushika tupa. Nikapiga moyo konde. "Bado, mama."

Akaupokea, akaufunga tena, akachonga, akanipa. Nikasema bado. Midomo yake ilibana, akachonga tena. Nikasema bado kidogo. Safari ile machozi yalimlengalenga, na mimi nilikuwa natamani sakafu ipasuke. Mwishowe ukawa sawa kweli, nikasema umejaa, na neno lile lilikuwa geni kinywani mwangu. Akaupanguza vumbi, akauweka mezani.

"Kuanzia kesho wateja utawapa mkono wewe, wala usiwaachie haraka," akasema. "Na ukinidanganya tena, nitajua. Sitakugombeza. Nitampigia mwanangu aje na gari."

Kwa shemeji hakwenda. Aliambiwa chumba kingoje, na mpaka sasa kinangoja.

Bega langu limepata nafuu kidogo, silichoshi tena kwa msasa mchana wakati mama amelala. Sasa kinachochoka ni ulimi. Zamani nilikuwa namficha ukweli mara moja kwa kila mpini, sasa namwambia usoni asubuhi, mchana na jioni, na hakuna siku limekuwa neno jepesi. Mke wangu anasema nitazoea. Namwambia aje akae mezani pangu siku moja aone.

Wiki iliyopita umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na baridi ilikuwa imeamsha maumivu yake. Alikuwa na mpini mmoja tangu asubuhi. Alikuwa ameshaniletea mara nyingi, na kila mara nilimrudishia. Jua lilipoanza kuingia mlangoni kwa chini akaniletea tena. Dole gumba lake lilikuwa jekundu. Nikaufumbata. Ulikuwa umezidi unene kidogo sana, mteja asingejua, hakuna mtu duniani ambaye angeurudisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni, neno moja tu, na yeye akalale.

Alikuwa amesimama ananitazama, na niliona anatamani sana niliseme.

"Bado, mama," nikasema.

Aliuchukua, akapanguza mkono kwenye mtandio, akaenda kuwasha mashine.